Mama wa Shunemu Alirudi Kudai Shamba Lake



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 8, mna habari fupi ambayo wasomaji wengi huipita mbio, kwa kuwa haina vita ndani yake wala moto ushukao toka mbinguni. Habari yenyewe ndiyo hii. Mama mmoja wa mji wa Shunemu alikuwa na nyumba na shamba. Ndiye yule aliyemkaribisha nabii Elisha kwake, na mtoto wake ndiye aliyefufuliwa na Mungu kwa maombi ya nabii. Siku moja Elisha akampasha habari kwamba njaa inakuja nchini, nayo itakaa miaka 7. Afadhali aondoke na jamaa yake, akakae po pote atakapopata mahali. Mama akatii, akaenda kukaa ugenini katika nchi ya Wafilisti miaka yote 7. Njaa ilipokwisha, akarudi kwao. Kitabu hakisemi ni nani aliyekuwa ameingia katika nyumba yake, wala ni nani aliyekuwa akilima shamba lake. Kinasema tu kwamba ilimpasa kwenda kwa mfalme kulia kwa ajili ya nyumba ile na shamba lile.

Saa ile ile mfalme alikuwa akizungumza na Gehazi, mtumishi wa Elisha, akitaka kusikia matendo makuu ya nabii. Gehazi alikuwa katikati ya maneno, akieleza jinsi mtoto yule alivyofufuliwa, mara mama akaingia na mwanawe. Gehazi akamtambua. Mfalme akamwuliza mama mwenyewe, naye akaeleza. Basi mfalme hakumwambia arudi juma lijalo. Akamtoa mmoja wa watumishi wake, akamwamuru amrudishie mama mali yake yote, tena na mazao yote ya shamba tangu siku alipoiacha nchi hata siku ile. Lishikeni neno hilo la mazao, kwa maana tutalirudia.

Je, habari hii ni ya zamani? Ninyi wa Masisi, wa Rutshuru, wa Nyiragongo, mnaijua bila kusomewa. Mji wetu wa Goma umekaa mpakani kabisa; ukivuka kwa miguu pale Petite Barrière, umekwisha fika Gisenyi. Kwa hiyo macho ya watu wa hapa yameona wengi wakienda na wengi wakirudi. Mwezi wa Julai 1994 Wanyarwanda wapatao milioni moja waliingia kwetu katika siku chache, na kipindupindu kikawaua kwa maelfu juu ya mawe haya meusi ambayo hata kaburi halichimbiki. Mwezi wa Novemba 1996 wapatao nusu milioni wakarudi kwao kwa njia ya Mugunga, mizigo vichwani, msafara mmoja usiokatika mchana wala usiku. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa mlima Nyiragongo ukashuka mpaka katikati ya mji, watu wa Goma wakakimbilia ng'ambo. Na kabla mawe hayajapoa vizuri, wengi walikwisha rudi, wakikanyaga ardhi yenye joto wakitafuta palipokuwa mlango wao. Mlima ukatoa moto tena tarehe 22 Mei 2021, watu wakakimbia tena, wakarudi tena.

Lakini hao wa mlima walirudi upesi. Wako ndugu zetu ambao kurudi kwao kumengoja miaka 10, 20, hata zaidi ya 25. Kambi ya Kiziba katika Rwanda ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa Kongo waliokimbia vita. Ile ya Gihembe ilifunguliwa mwaka 1997, ikafungwa mwaka 2021, na watu wake wakahamishiwa Mahama, wangali wakimbizi. Wengine wako Uganda, huko Nakivale na Kyangwali. Mwaka 2010 Kongo, Rwanda na shirika la Umoja wa Mataifa la kuwahudumia wakimbizi walitia sahihi mapatano ya kuwarudisha watu kwao kwa hiari. Karatasi ilitiwa sahihi, lakini vita havikusoma karatasi ile. Mtoto aliyezaliwa Kiziba mwaka 1997 leo ni mtu mzima mwenye watoto, naye kilima cha babu yake hukijua kwa jina tu, kama sisi tunavyoijua Shunemu.

Kwa nini basi mtu atamani kurudi mahali ambapo pengine hajapaona hata siku moja? Wengine hudhani ni ujinga. Mimi nasema Mungu mwenyewe ametia tamaa hiyo moyoni mwa mtu, na haiondoki kwa kupewa unga na hema. Tarehe 22 Machi 2014 chombo kimoja kilizama katika Ziwa Albert, wakafa zaidi ya watu 100, na watoto wengi miongoni mwao. Walikuwa wakimbizi wa Kongo waliotoka Kyangwali, nao walikuwa wakirudi nyumbani. Hawakuwa wakimkimbia mtu siku ile. Walikuwa wamebeba masufuria yao na mbegu za tumaini. Tunaposali sala ya marehemu, tuwakumbuke hao waliokufa wakiwa wamelielekea shamba lao.

Arudiye hakuti alichokiacha. Huko Yerusalemu, Wayahudi waliporudi toka Babeli, walianza kulijenga upya Hekalu; na siku ya kuweka msingi vijana walipiga kelele za furaha, lakini wazee waliokuwa wameliona Hekalu la kwanza walilia kwa sauti, hata watu hawakuweza kutenga sauti ya kilio na sauti ya furaha. Ndivyo ilivyo kwa mzee aliyeondoka Goma kabla ya mwaka 2002. Akiuliza Kanisa kuu la Mtakatifu Yozefu alimobatizwa, ataonyeshwa mawe, kwa maana moto wa mlima ulilifunika mwaka ule. Kijana atamwambia, "Mji umekuwa mkubwa, Babu, umekuwa mzuri." Wote wawili wasema kweli. Mwacheni mzee alie kwanza.

Sasa tufike kwenye shamba, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapokatana mapanga.

Mmoja wenu aweza kuuliza hivi: "Padri, mimi nitabatizwa Pasaka. Nimefundishwa ya kuwa Ubatizo huondoa dhambi zote. Basi lile shamba nililolichukua kabla ya Ubatizo, si limekwisha samehewa?" Jibu ndilo hili, nanyi lishikeni sana. Ni kweli, Ubatizo huondoa dhambi zote, ile ya asili na zile ulizozitenda mwenyewe, pamoja na adhabu zake. Lakini shamba halikuwa dhambi. Dhambi ilikuwa kulichukua. Maji ya Ubatizo hayageuzi mali ya mwenzako kuwa mali yako. Umebatizwa usiku wa Pasaka, asubuhi yake shamba lingali lake. Kadhalika na Kitubio: padri hukuondolea dhambi ya wizi, lakini hana mamlaka ya kukupa mbuzi wa jirani. Zakeo alipompokea Yezu nyumbani mwake hakuomba msamaha tu, akanyamaza. Alisimama mbele ya wote, akaahidi kurudisha mara nne kwa kila mtu aliyemdhulumu.

Walakini si wote wakaao katika shamba la aliyekimbia wana hatia moja, na katekista anayewaweka wote katika kikapu kimoja atavunja kijiji. Yupo aliyejua wazi kwamba mwenyewe yu hai ng'ambo ya mpaka, akang'oa miti ya mpaka usiku, akalima. Huyo ni mwizi, ijapokuwa hakuna aliyemshika mkono. Yampasa kulirudisha shamba pamoja na faida aliyoila, kadiri awezavyo. Hapo ndipo neno la mfalme juu ya mazao linapopatia mahali pake. Yupo tena aliyeuziwa na mtu aliyejidai kuwa ndiye mwenyewe, akalipa fedha zake kwa moyo safi bila kujua udanganyifu. Huyo si mwizi, wala mavuno aliyokula kwa moyo safi hayatamhukumu. Lakini siku atakayojua hakika mwenyewe ni nani, moyo safi umekwisha. Tangu siku ile kila debe la maharagwe lina mwenyewe. Naye aliyerudi asimtupe nje kama mbwa. Migomba aliyoipanda, kuta alizojenga, mfereji aliouchimba, ni jasho lake; wazee wakadirie, alipwe. Aliyemwuzia kwa udanganyifu ndiye atafutwe kwanza, maana huyo amewaibia wawili.

Yupo na wa tatu, naye ndiye anayenisumbua moyoni kuliko wote. Ni yule ambaye mwenyewe alikimbia kwao, labda toka kilima kingine cha Masisi, akafika kijijini mwenu, akapewa lile shamba na mkubwa wa mahali kwa kuwa lilikuwa tupu. Hakuiba. Amelima kwa ajili ya watoto wake. Ukimwondoa leo, atalala wapi? Hapa haki peke yake haitoshi, yahitaji mapendo yaisaidie. Nimeona vijiji vinavyofanya vema: mkimbizi hupewa kuvuna alichokwisha panda, kisha hugawana shamba na mwenyewe kwa msimu mmoja au miwili, huku wazee wakimtafutia mahali pengine, na neno huandikwa mbele ya mashahidi, wote wakatia sahihi au alama ya kidole. Lisipoandikwa, watoto wao watapigana.

Nasema "liandikwe" kwa sababu nyingine pia. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilitamka kwamba ardhi yote ya nchi ni mali ya Serikali. Juu ya mashamba yetu ya mila ikasema yataongozwa na amri maalum ya Rais. Na amri hiyo ikakaa miaka mingi sana bila kutolewa. Kwa hiyo mkulima wa kilimani akabaki katikati: mila yamwambia shamba ni lake kwa kuwa babu yake alilima hapo, na mwenye karatasi ya mjini aja kumwonyesha muhuri. Aliyekaa ugenini miaka 20 hana karatasi, mara nyingi hana hata mzazi wa kumsemea. Ana kitu kimoja tu, nacho ni kumbukumbu ya majirani.

Hapo tumrudie Gehazi. Katika sura ya 5 ya kitabu kile kile imeandikwa kwamba mtu huyu alidanganya kwa tamaa ya fedha na mavazi, akapigwa ukoma. Hakuwa mtu wa kusifiwa. Lakini siku ile mbele ya mfalme alisema alichokijua: mama ndiye huyu, na mtoto wake ndiye huyu. Hakutafuta faida, wala hakuangalia kama mwenye kulikalia shamba atakasirika. Ninyi wakatekumeni wazee, mnaojua mpaka wa shamba la fulani ulipita kwenye jiwe gani na mti gani, ninyi ndio Gehazi wa kijiji. Amri ya nane haikatazi tu kusema uwongo mahakamani. Mtu aonaye jirani yake akidhulumiwa, naye ana neno moja ambalo lingemwokoa, akalimeza kwa kuwa amepewa chupa ya kasiksi, huyo amekwisha shuhudia uwongo kwa kinywa kilichofungwa.

Na lipo neno moja ambalo lisitoke kinywani mwa mkatekumeni: kumwambia mtu "rudi kwenu" hali wajua kwao ni hapa hapa. Katika nchi yetu sheria za uraia zilibadilika mwaka 1972, zikabadilika tena mwaka 1981, na tena mwaka 2004. Kwa mabadiliko ya mwaka 1981 watu wengi walilala raia wakaamka wageni, na damu nyingi imemwagika juu ya jambo hilo katika Kivu. Najua pia hofu ya waliobaki. Husema, "Twaogopa atakuja mtu ambaye hakukaa hapa hata siku moja, ajiite mkimbizi aliyerudi, achukue shamba la marehemu." Hofu hiyo si bure, na si dhambi kuuliza maswali. Mfalme naye alimwuliza mama wa Shunemu kabla ya kutoa amri. Basi ulizeni: baba yako ni nani, ulichota maji kijito gani, uliondoka na nani, nani alikuzikia mama? Mwenye kweli hatachukia kuulizwa. Lakini ulizeni ili mpate kujua. Msiulize kama watu waliokwisha kata shauri.

Aliyerudi naye ana mzigo wake. Yakobo alikaa ugenini kwa Labani miaka 20, na aliporudi alijua kwamba ndugu yake Esau ana neno naye, tena neno la haki, kwa sababu alimnyang'anya baraka kwa hila. Hakuingia kwa kiburi cha mali aliyoipata. Alitanguliza mbuzi na kondoo, ngamia, ng'ombe na punda, kisha akaenda mbele yeye mwenyewe, akainama mpaka nchi mara 7. Esau alikuwa na watu 400, tena angeweza kulipiza kisasi. Akamkimbilia, akamkumbatia, wakalia wote wawili. Tazameni nani alianza kuinama. Kama uliondoka na mkono wenye kosa, kama ndugu zako wana wafu kwa ajili ya mambo ya upande wako, usirudi ukipiga honi ya pikipiki. Hata asiye na kosa lo lote, mwenye haki kamili, aweza kuidai haki yake kwa njia ya dhambi, akija na askari usiku kuwatisha watoto wa mwenzake.

Juu ya waliokwenda Kampala, Nairobi au Ulaya kwa masomo na kazi, nina maneno machache tu. Wakirudi, wasitusemeshe kwa lugha tusiyoijua ili tuwaone wakubwa. Nasi tusiwapige mizinga ya fedha kila asubuhi kana kwamba ugenini fedha zaokotwa njiani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu umpe jembe. Huyu si mgeni. Mpeni jembe siku ya kwanza, atafurahi.

Kabla ya kusema neno la shamba, kaeni matanga. Aliyerudi amewazika watu kambini ambao ninyi hamkuwalilia; nanyi mmewazika watu ambao yeye hakuwatupia hata konzi ya udongo. Semeni majina yao, moja moja, pande zote mbili, mwombeeni kila mmoja. Ndipo wazee waketi. Nadhani nusu ya kesi za mashamba zingepoa kama watu wangelia pamoja kwanza.

Tena angalieni wanawake. Mume wa mama wa Shunemu alikuwa mzee tangu mwanzo wa habari, na siku ya kudai shamba hatajwi kabisa. Mama alikwenda mwenyewe na mwanawe. Wajane wengi hurudi hivyo toka ugenini, na mashemeji huwaambia, "Shamba lilikuwa la ndugu yetu, ndugu yetu amekufa." Sheria ya Jamaa ya Kongo ya mwaka 1987 yawataja watoto wa marehemu kuwa warithi wa kwanza, bila kutenga wa kike na wa kiume, na mjane pia ana fungu lake. Shemeji mkatekumeni anayemfukuza mke wa marehemu nduguye asiandikwe katika orodha ya Ubatizo mpaka atengeneze jambo hilo. Nasema hivyo bila kuficha, na katekista ayasome maneno haya kwa sauti.

Limebaki swali gumu. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia Goma, na katika majuma machache kambi zilizokuwa pembezoni mwa mji, kama Kanyaruchinya na Bulengo, zikabaki tupu. Watu wengi wakaelekea Masisi na Rutshuru, baadhi kwa kupenda, baadhi kwa kuwa hema zilivunjwa wala hapakuwa na mahali pengine. Kurudi na kurudishwa si kitu kimoja. Basi mtu ambaye kilima chake hakina usalama, naye akaogopa kurudi huko, je, amewakana wazee wake? Amemkosea Mungu?

Msomeni Mtakatifu Yozefu. Herodi alikuwa amekufa, na malaika alikuwa amemwambia waziwazi amchukue mtoto na mama yake, arudi katika nchi ya Israeli. Akatii, akatoka Misri. Lakini alipofika aliuliza habari za njia, kama mtu mwenye akili, akasikia kwamba Arkelao, mwana wa Herodi, ndiye anayetawala Uyahudi. Akaogopa kwenda huko. Injili haifichi woga wake, wala haimlaumu. Na Mungu alimwonya tena katika ndoto, akageukia upande wa Galilaya. Alikuwa katika nchi yake, lakini hakufika Betlehemu, mji wa ukoo wake. Akakaa Nazareti, akafanya kazi yake ya useremala, na mtoto akakulia huko.